Treni ya Kisumu hupita Nakuru watu wamelala

Kwetu Nakuru treni ya Kisumu ni honi tu. Umejifunika blanketi, ni kama saa sita usiku, unaisikia upande wa stesheni, unageukia ukutani unaendelea kulala. Miaka kadhaa nimeisikia hivyo bila kuipanda. Mimi ni mtu wa viazi, na watu wa viazi tunaijua barabara. Nanunua Elburgon na Molo, lori linatangulia, nami nafuata kwa matatu hadi soko la Kibuye. Mwendo wa saa nne, au tano kukiwa na foleni, niko Kisumu.

Kilichonitia uoga wa barabara ni Londiani. Tarehe 30 Juni 2023 lori la kontena lilipoteza njia pale jankisheni likawapitia wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja magari, wakafa zaidi ya 50. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesimama hapohapo, nikinunua karoti kwa mama mmoja aliyeniongezea mbili za bure. Sijui kama alikuwepo siku ile. Sikuwahi kuuliza, na tangu wakati huo gari likikaribia pale najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Basi Ijumaa moja ya Agosti nikamwambia dereva wa lori atangulie na mzigo, mimi nitakuja na treni. Akacheka. "Mama, utanikuta nimeshauza."

Stesheni ya Nakuru ni jengo la mwaka 1957, ukumbi wake mpana hata kikohozi kinarudi mwangwi. Nilifika saa tano usiku. Tulikuwa watu kama ishirini: wanafunzi wenye mabegi, baba mmoja na mtoto aliyelala begani, wanawake wawili na jogoo ndani ya kiondo, kichwa nje. Kijana wa chai ya tangawizi alizunguka mara mbili, mara ya tatu akafunga birika akajikalia. Treni hutoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili unusu jioni, kwa hiyo wa Nairobi hutoka kazini, hupanda, hula, hulala, na asubuhi wako ziwani. Imewakaa vizuri kweli. Sisi wa katikati tunaokotwa njiani kama mizigo iliyosahaulika.

Ilitia breki saa sita na dakika ishirini. Ndani ya behewa taa zilikuwa hafifu na miguu ya watu imejaa njia. Kiti nilichopangiwa kilikuwa na mtu amejilaza kwa marefu, kofia usoni. Nikasimama nikitafakari namna ya kumwamsha mtu mzima saa hizo. Mzee mmoja wa upande wa dirisha akaondoa mfuko wake kwenye kiti cha jirani.

"Kaa hapa, mama. Hawa wa Nairobi wamelipia kitanda."

Kumbe nilikuwa nimekaa na mwenye nyumba. Mzee alifanya kazi kwenye genge la reli upande wa Muhoroni miaka ishirini na kitu, kazi ya kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto, akastaafu, sasa alikuwa anarudi kwake kutoka kumwona mwanawe Nairobi. Hakulala hata kidogo. Kila gurudumu likibadilisha sauti aliinamisha kichwa akisikiliza, kama daktari aliyeweka sikio kifuani mwa mgonjwa. "Hapa kokoto ni mpya," alisema baada ya Njoro. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Njia inapanda. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hadi Mau Summit treni inapita mita 2,500 kabla ya kuanza kushuka ziwani, kwenye mita 1,130 na kitu. Dirisha letu halikufunga sawasawa, likawa linaingiza baridi ya Elburgon na harufu ya mbao zilizopasuliwa. Halafu Molo. Taa mbili, mlinzi mwenye koti refu, mbwa. Nje giza tupu, lakini nilijua niko wapi kuliko mtu yeyote ndani ya lile behewa. Mwendo mfupi kutoka pale relini kuna shamba ninalonunua viazi kila msimu. Viazi vile hubebwa na punda hadi barabarani, vinapakiwa kwenye lori, vinapandishwa mlima uleule ambao sisi tulikuwa tunaupanda wakati huo, ndani ya treni isiyo na kiazi hata kimoja. Nalipa shilingi 250 kwa kila gunia la kilo 50 hadi Kibuye, barabara ikiwa nzuri. Nikaanza kupiga hesabu gizani, usingizi ukanikimbia.

Tulipofika Londiani tukasimama. Dakika kumi, ishirini. Mtu aliyelala kwenye kiti changu akaamka, akauliza tumefika wapi, akalala tena.

"Tunangoja mzigo upite," mzee akasema.

"Utapita saa ngapi?"

"Ukifika." Kisha, kwa kuwa aliona sijaridhika, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Njia ni moja. Ni kichochoro, na treni mbili ni watu wawili wanene: mmoja lazima aingie mlangoni ili mwenzake apite. Mlango ndio stesheni yenye njia ya kupishana. Zamani zao dereva hakuingia kipande cha njia bila kibali cha karatasi kutoka stesheni ya mbele, wao wakikiita laini klia, na kila stesheni ilikuwa na mtu wa pointi, wa kugeuza njia, aliyeishi hapo na mke na kuku wake. "Ukifunga stesheni moja ya katikati," mzee akasema, "umeirefusha subira ya pande zote mbili. Watu wanadhani treni inachelewa kwa sababu ni mzee. Treni inachelewa kwa sababu milango ni michache."

Hapo ndipo nilipoelewa ule msemo wa kuongeza uwezo wa reli ambao hutajwa kwenye hotuba. Nilikuwa nafikiri ni vichwa vya treni vyenye nguvu na reli mpya inayong'aa. Sehemu kubwa ni mita mia chache za njia ya pembeni, pointi zinazofanya kazi, na mtu wa kuzigeuza. Mabehewa ya matangi yalipopita hatimaye, yakitokea upande wa ziwa, nilihesabu kumi na tano nikapotea. Tulikuwa tumesimama dakika hamsini.

Kwa kuwa tulikuwa na muda, mzee alirudi nyuma kabisa. Reli hii ilijengwa kwa ajili ya Kisumu, akanikumbusha, si kwa ajili ya Nairobi. Nairobi ilikuwa kambi ya njiani mwaka 1899. Safari ilikuwa ya ziwani, na reli ililigusa ziwa Desemba 1901, mahali wakapaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji. Kutoka hapo mtu na mzigo wakapanda meli kwenda Uganda. Kisha miaka ya 1920 ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru kupitia Eldoret, ikafika Kampala mwaka 1931, na Kisumu ikabaki tawi. Mzee alilitamka neno "tawi" kama mtu anayetaja urithi ulioliwa na ndugu.

Hilo tawi nalo lilikauka. Kwa miaka hapakuwa na treni ya abiria, nyasi zikaota katikati ya reli. Kazi ya kulifufua ndiyo iliyoturudishia safari hii mwishoni mwa mwaka 2021: kilomita 217 kutoka Nakuru hadi Kisumu, takriban shilingi bilioni 3.8, wanajeshi na vijana wa huduma ya taifa, NYS, wakishika sururu. Mzee aliwaona wakipita kwake. "Walifanya kazi nzuri," alisema, na kwa mtu wa genge hiyo ni sifa kubwa.

Kulikucha tukiwa Fort Ternan. Kama nisingeona kitu kingine safari nzima, hapo pangetosha. Treni inajipinda ubavuni mwa kilima hadi unaona kichwa chake mbele yako kikiingia darajani wakati wewe hujamaliza kutoka kwenye daraja la nyuma. Chini ni bonde, moshi wa jikoni kwa mtu, ng'ombe wawili wanaotazama juu. Madaraja ya kwanza ya njia hii yalitengenezwa Marekani na American Bridge Company, yakaletwa vipandevipande kwa meli, na watu wakayaunganisha hapa wakinyeshewa. Dereva alipunguza mwendo hadi ukawa wa mtu anayetembea na mkongojo. Hakuna aliyelalamika. Hata yule wa kwenye kiti changu alikuwa ameamka anapiga picha.

Baada ya Koru milima inakuachia ghafla. Joto linaingia, watu wanavua masweta, na miwa inaanza kukimbia pande zote mbili. Kulia unauona ukuta wa milima ya Nandi. Huko watu walipambana na waliokuja na reli hii tangu kabla haijafika, wakachukua nyaya za simu na vyuma vya njia, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipopigwa risasi mwaka 1905. Mwanafunzi mmoja wa viti vya mbele, Mnandi, alikuwa akimwonyesha mwenzake kwa kidole, akisema nyumbani kwao wazee wanaiita nyoka wa chuma mpaka leo.

Muhoroni mzee akashuka. Aliukumbatia mfuko wake, akanipa mkono. "Oriti, nyara," akasema, kwaheri binti yangu, kisha kabla ya kuondoka akaupiga ubao wa behewa kwa kiganja mara mbili, kama unavyompiga ng'ombe wako mgongoni.

Kiti chake akakikalia mama mwenye beseni la ndizi. Nikamuuliza kama hupanda treni kila mara kwenda sokoni.

"Jumamosi nina treni," akajibu. "Jumatatu nina matatu."

Hilo jibu limenikaa kichwani kuliko yote. Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos: kila mahali treni ilipopunguza mwendo palikuwa na watu kando ya reli, wakitembea kuelekea mjini na baiskeli, majembe, mitungi ya maziwa. Hao ndio abiria wa Kisumu. Hawahitaji kitanda cha kutoka Nairobi. Wanahitaji mabehewa matatu yatoke Muhoroni saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ya kazi, na kuwarudisha jioni. Njia ipo, imekarabatiwa, na asubuhi nyingi za wiki imelala juani haina kazi.

Tuliingia Kisumu saa mbili na dakika kumi. Karibu saa nane kwa kilomita 217. Pikipiki ya maziwa ingetushinda. Dereva wa lori kweli alikuwa ameshauza nusu. Lakini nisingependa mtu aseme tatizo ni mwendo. Nililala kidogo, niliona Fort Ternan, na sikupita Londiani jankisheni. Tatizo ni kwamba siwezi kuipanda Jumatano.

Stesheni iko karibu na bandari, nikazunguka kutazama. Kuna meli hapo, MV Uhuru, ya tangu miaka ya 1960, yenye reli ndani ya tumbo lake: mabehewa yanasukumwa moja kwa moja kutoka nchi kavu hadi melini, yanavuka ziwa hadi Port Bell, Uganda. Bandari ilikarabatiwa, na mafuta yakarudi kuvuka kwa njia hiyo. Mafuta yamepata njia yao, viazi bado.

Watu wa Kisumu niliozungumza nao wanangoja SGR, ile reli mpya ya kisasa. Ilifika karibu na Suswa mwaka 2019, na mpango ni ipitie Narok na Bomet ije Kisumu, kisha Malaba. Wana haki ya kuingoja. Mimi nilipoichora njia hiyo kwa kidole juu ya meza ya hoteli, kwenye chai iliyomwagika, niliona kitu ambacho wao hawana sababu ya kukiona: haigusi Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka uleule treni yetu iliporudi, wala Elburgon, wala Molo. Siku SGR ikifika ziwani, nani atanunua kokoto za njia yetu? Mimi ningeridhika na behewa moja la mizigo lenye paa, liachwe Molo Alhamisi tulijaze, livutwe Ijumaa.

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Nikamaliza hesabu zangu, nikanunua debe la omena, nikapanda treni ya saa kumi na mbili unusu. Debe nililisukuma chini ya kiti. Kufika Muhoroni behewa zima lilijua nimebeba nini, na hakuna aliyesema neno. Nusu yao walibeba hichohicho.

Nakuru nilishuka saa nane kasoro robo usiku, mimi na watu kama kumi. Gadi akapunga taa, mabehewa yakaondoka na wa Nairobi wao wakikoroma. Nikakaa kwenye benchi na debe langu miguuni, nikingoja kupambazuke. Kama saa kumi na moja simu ikalia ujumbe. Alikuwa utingo wa lori: Mama, Ijumaa tunapakia gunia ngapi?

Nikamwandikia tisini.