Siku Moja Maishani Mwangu: Kupanga Mawe ya Bahari Iliyozikwa

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita, na ni mama. Kwao Kilifi ni saa tisa alasiri, jua kali. Hapa Calgary, magharibi mwa Kanada, ni giza na baridi ya nyuzi 24 chini ya sifuri. Namwamkia, ananiitikia marahaba, kisha ananiuliza swali lake la kila wiki: "Bado wanakubebesha mawe, mwanangu?" Namjibu kwamba bado. Marehemu baba alichonga mawe ya matumbawe miaka yote niliyomjua, na nyumba tuliyokulia ilijengwa kwa mawe hayo hayo, kwa hiyo mama haelewi kwa nini nivuke bahari ili nifanye kazi iliyomvunja mumewe mgongo. Namwandikia yeye kwanza habari za siku hii, kisha wale wote ambao wakisikia kwamba nafanya kazi "ya mafuta" hunitazama kama mtu mwenye visima.

Sina kisima. Mimi ni mtunza sampuli katika ghala la miamba. Mkoa wa Alberta unazitaka kampuni zinazochimba visima zikabidhi sampuli zao, ili baada ya kipindi cha usiri kupita kila mtu aweze kuzisoma. Sampuli hizo tunaziita kori: ni vipande virefu vya mwamba, vya mviringo kama mchi, vilivyokatwa chini ya ardhi kwa kekee iliyo wazi katikati. Hulazwa katika visanduku vilivyoandikwa namba na kina, na kisanduku kimoja kikijaa mwamba mzito hufika kilo 15 au zaidi. Kazi yangu ni kuvishusha, kuvipanga mezani kwa mpangilio wa kina, na kuvirudisha. Maelezo yake ni mafupi namna hiyo.

Saa moja kasorobo niko ghalani. Navaa viatu vya chuma, nakagua foklifti, nasoma maombi ya siku. Hadi saa nne nimeshusha visanduku 140 vya wateja watatu, na hakuna la kusimulia.

Mteja wa nne aliandikiwa saa tatu, akafika saa tano kasorobo. Nilikuwa nimemwandalia visanduku 32 vya kisima kilichochimbwa miaka ya 1950 katika mwamba wa Redwater, kaskazini mashariki mwa Edmonton, na kabla sijamlalamikia ni lazima nieleze mawe hayo ni nini.

Miaka ipatayo milioni 380 iliyopita, sehemu hii ya dunia ninayotembea leo kwa makoti mawili ilikuwa bahari ya joto, yenye maji ya kina kifupi, karibu na ikweta. Miamba ya viumbe hai ilisimama humo kama ile inayosimama leo mbele ya Watamu, ingawa wajenzi wake wakuu hawakuwa matumbawe ya sasa bali stromatoporoidi, jamii ya sponji waliotoweka, waliojijengea mifupa ya chokaa tabaka juu ya tabaka. Bahari ilipozidi kupanda, miamba hiyo ilizidiwa, ikafa, ikafukiwa na tope. Tope hilo ndilo lililoamua thamani yake. Tabaka moja la tope lenye mabaki mengi ya viumbe, linaloitwa Duvernay, lilipikwa na joto la ardhini likatoa mafuta. Tabaka jingine, Ireton, likaifunika miamba kama kifuniko cha sufuria. Na mwamba wenyewe, uliojaa vitundu kama mkate wa mofa, ukawa chombo cha kuyapokea. Kifuniko kikivuja, chombo ni kitupu. Vitundu visipounganika, mafuta yamo lakini hayatoki. Kwa hiyo si kila mwamba wa kale uliozikwa ni hazina, na namna ya kujua tofauti ni kuutazama kwa macho, sentimita kwa sentimita, juu ya meza kama ninayoipanga mimi.

Kampuni ya Imperial Oil inasimuliwa kuwa ilichimba visima 133 vikavu kabla ya tarehe 13 Februari 1947, mafuta yalipopatikana Leduc, kusini mwa Edmonton. Miezi michache baadaye kisima cha pili kiliugonga mwamba wenyewe wa kale chini zaidi, na mwaka 1948 ukapatikana ule wa Redwater, mkubwa kuliko wa Leduc. Uchumi wa mkoa huu uligeuka pale. Kori nilizokuwa nimempangia mteja wangu zilitoka katika miaka ile, na zilibebwa na watu ambao hakuna anayewakumbuka.

Mteja alifika na simu sikioni. Hakusalimu. Alitaka visanduku vipangwe kuanzia kina cha chini kwenda juu, tofauti na alivyoandika katika ombi lake. Nikavipanga upya, vyote 32. Kisha akasema afadhali ile ya kwanza. Nikavirudisha. Aliweka kikombe cha kahawa juu ya kori, nikakiondoa, akakirudisha. Nilimwomba kwa upole asitoe zaidi ya kipande kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu kori za zamani hazina ile mistari miwili ya rangi, nyekundu na nyeusi, inayochorwa siku hizi ubavuni ili mtu ajue upande wa juu. Alinijibu kwamba yeye ni mjiolojia na anajua jiwe. Nilinyamaza, si kwa kukubali, bali kwa kuwa sheria ya ghala inanitaka nimheshimu mteja, na nimelelewa hivyo pia.

Saa nane aliondoka, simu bado sikioni. Meza aliyoiacha ilinikata maini. Vipande kumi na kitu vilikuwa nje ya visanduku, vingine vimewekwa katika visanduku visivyo vyake, na kimoja kilikuwa kimevunjika mara mbili. Mtu asiyeijua kazi hii atasema mawe ni mawe. Lakini kipande cha Redwater kikihamishwa mita tano, mtafiti atakayekuja atadhani vitundu vizuri viko mahali ambapo vimeziba. Kikipinduliwa juu chini, atasoma bahari inayoshuka mahali ilipokuwa ikipanda. Uongo huo hautajulikana kamwe, kwa sababu hakuna kori nyingine. Kisima kilishafungwa.

Tangu hapo sikutazama saa tena.

Mzee mmoja wa Bukavu ambaye tumefanya kazi pamoja miaka sita aliniona nimeinama, akaja bila kuitwa. "Ndugu yangu, tuanze na iliyo rahisi," akasema. "Tuanze, mzee wangu," nikamjibu. Tulianza na kingo zilizovunjika, tukivijaribisha vipande viwili viwili hadi visikike vikikaa, mlio mdogo mkavu kama wa kigae kinachoingia mahali pake. Hivyo tulipata saba. Vingine vilikuwa na mishono myeusi yenye meno meno, ambayo chokaa hujifanyia inapobanwa na uzito, na meno ya kipande kimoja yaliingia katika mapengo ya kingine. Tuliinyunyizia maji miamba ili rangi itoke, nayo ikawa kahawia, madoa ya mafuta yaliyobaki tangu enzi ile, na kipande kilichovunjika upya kikatoa harufu hafifu ya mafuta ya taa. Mzee alikinusa, akanipa nami ninuse.

Vikabaki vitatu ambavyo kingo zake zimesagika. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa maji baridi na nilitamani kuviandika kama vilivyopotea mahali pake. Nilichukua lenzi, nikakikagua cha kwanza, na humo nikaona gamba la kombe, dogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho, lililokatwa na kekee katikati. Sehemu moja ya tumbo lake ilikuwa imejaa tope la kijivu, nyingine fuwele nyeupe, na kati yake mstari ulionyooka kabisa. Tope lilituama ndani ya gamba, upande wa chini, siku ile kiumbe alipokufa, kwa kuwa tope haliwezi kutuama juu. Nafasi iliyobaki ikajazwa fuwele baadaye. Mstari ule ni pima maji ya fundi mwashi, aliyoisahau baharini miaka milioni 380 iliyopita. Nilikigeuza kipande hadi tope likawa chini. Cha pili kilikuwa na gamba la namna hiyo pia. Cha tatu kilitushinda upande wake, ila rangi yake ilikifikisha kisandukuni, na nimeandika katika taarifa kwamba mwelekeo wake hauna hakika.

Wakati tunafunga vifuniko mzee aliniuliza kama kwetu pwani kuna miamba ya namna hii chini ya bahari. Ipo. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird-1 kilichimbwa mbele ya pwani ya kusini ya Kenya, mahali ambapo maji yana kina cha zaidi ya mita 700, kuelekea mwamba wa kale uliosimama kama mnara, wa enzi ya Miosini, mdogo kwa umri kuliko hii yetu mara nyingi. Kilikuta safu ya gesi ya karibu mita 30 na chini yake safu ya mafuta ya mita 14. Hayakuwa mafuta ya kutosha kibiashara, lakini yalithibitisha kwamba chombo, kifuniko na mapishi vinaweza kukutana hata kwetu. Nilipozisoma habari hizo nilimfikiria baba, aliyechonga mwamba wa umri wa miaka laki na zaidi ufukweni, na bahari mbele yake ikiwa imefukia mwingine wa mamilioni.

Nje kulishaingia giza tena. Visanduku 31 nilivirudisha rafu ya juu kwa foklifti, kisha nikakumbuka orodha ya kesho, nikasimama kuisoma. Saa mbili asubuhi kuna mteja anayechunguza kama mwamba wa Redwater unaweza kuhifadhi hewa ukaa. Ndiyo kazi mpya ya miamba hii: tangu 2020 bomba la kilomita 240 linapeleka hewa ukaa hadi eneo la Clive na kuisukuma katika miamba ya umri huo huo, na maji ya chumvi yaliyomo katika miamba ya Leduc yanachunguzwa kama yanaweza kutoa lithiamu ya betri. Mteja huyo ameomba kisima kile kile, visanduku 32.

Nilivishusha vyote nikavipanga mezani, kuanzia juu kwenda chini, nikaweka kile cha mwelekeo usio na hakika mbele pamoja na karatasi yenye maelezo yake, kisha nikazima taa.