Mfumo Wote Urudi kwa Dakika Moja

Mipango mingi ya kurejesha mifumo baada ya maafa imeandikwa seva kwa seva: ukurasa wa hifadhidata, ukurasa wa seva za programu, ukurasa wa stoo ya mafaili. Kila moja ikiwaka inawekewa alama ya vema. Kisha mteja anafungua ankara yake na haipo, au wakala analipwa mara mbili. Seva zote ni nzima, lakini kila tabaka limerudi katika saa yake.

Chukua mfumo wa mauzo ya jumla: HAProxy mbili mbele (za kugawa maombi ya watumiaji kwa seva), seva nne za programu ya Java, RabbitMQ ya nodi (mashine) tatu kwa ajili ya foleni za ujumbe kati ya programu, hifadhidata ya PostgreSQL inayosimamiwa na Patroni (programu inayoteua seva ipi iwe kuu), na stoo ya ankara za PDF. Saa 4:41 asubuhi mtu anafuta jedwali la malipo. Seva pacha ya hifadhidata haisaidii hapo, kwa sababu amri ya kufuta nayo imenakiliwa huko papo hapo. Pacha hukukinga na diski iliyokufa. Mkono wa mtu na programu mbovu vinataka bakapu.

Kwa PostgreSQL, bakapu ya maana ni nakala kamili ya kila usiku pamoja na mafaili ya WAL (kumbukumbu za kila badiliko la hifadhidata) yanayohamishwa muda wote. Kila faili la WAL ni MB 16, na usiku wenye biashara ndogo linaweza kukaa saa nzima bila kujaa, kwa hiyo weka archive_timeout = 300 ili lihamishwe angalau kila dakika 5. Tazama pia failed_count (idadi ya uhamishaji ulioshindwa) katika pg_stat_archiver. Uhamishaji ukigoma, mafaili hurundikana kwenye pg_wal mpaka diski ijae na hifadhidata isimame yenyewe.

Kurudi nyuma kunakuwa hivi, pamoja na faili tupu liitwalo recovery.signal:

restore_command = 'cp /bakapu/wal/%f "%p"'
recovery_target_time = '2025-03-14 10:38:00+03'
recovery_target_action = 'pause'

Hiyo +03, ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, usiiache. Katika chumba kimoja mtumiaji anasema saa 4:41, kompyuta ya ofisini inasema 10:41, na kumbukumbu za seva zilizowekwa UTC (saa ya kimataifa) zinasema 07:41. Mpango uandike saa za namna moja tu, zenye ukanda wake. Na anza na dakika ya mapema kidogo: hifadhidata ikisimama kwa pause unaweza kuisoma, ukaizima, ukasogeza lengo mbele na kuendelea. Ukipitiliza, huna budi kuanza upya na nakala kamili.

Sasa hifadhidata iko 10:38. Stoo ya ankara inanakiliwa saa 8 usiku, kwa hiyo kama nayo imepotea, kuna safu (mistari ya jedwali) za zaidi ya saa 8 zinazoelekeza kwenye PDF zisizokuwepo. Kanuni hapa ni kwamba bakapu ya hifadhidata itangulie na ya mafaili ifuate, kwa vipindi vinavyokaribiana. Faili lisilo na safu halimdhuru mtu, ila safu isiyo na faili ni malalamiko ya mteja.

Foleni ni hatari zaidi. RabbitMQ bado ina ujumbe wa oda zilizowekwa 10:39, na hifadhidata haizijui tena. Programu inauchukua, inashindwa, inaurudisha, inauchukua tena na tena. Kinyume chake, malipo yaliyotumwa kwa mawakala kwa simu 10:40 yameshatoka kwenye akaunti, ila hifadhidata inaamini hayajatumwa. Kwa hiyo zima wachukuaji wa foleni kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kisha omba taarifa ya miamala ya kampuni ya simu kuanzia 10:38, ilinganishe kwa namba ya muamala, uingize iliyokosekana, ndipo uwashe. Safuwima ya namba ya muamala iwe na sharti la UNIQUE (lisiloruhusu namba kujirudia) tangu siku mfumo unajengwa. Hilo peke yake huzuia muamala mmoja kuingizwa mara mbili wakati watu wamechoka.

Kuhusu utaratibu wa kuwasha: DNS (inayogeuza majina kuwa anwani za seva) na saa za seva kwanza, kisha sehemu inayotunza nywila. Kama ni HashiCorp Vault, ikiwashwa upya huwa imefungwa, na kwa mpangilio wake wa kawaida hutaka vipande 3 vya ufunguo kati ya 5. Washika vipande wajulikane kwa majina, na namba zao za simu zisiwe ndani ya mfumo ulioanguka. Baada ya hapo etcd (hifadhi ambayo Patroni huitumia kukubaliana nani kiongozi), PostgreSQL, RabbitMQ, programu, na HAProxy mwishoni. Kashe (hifadhi ya muda ya majibu) itakuwa tupu, kwa hiyo ruhusu watumiaji kwa mafungu, la sivyo maswali yote yanaiangukia hifadhidata kwa mkupuo.

Akidi, yaani wingi wa nodi unaohitajika ili uamuzi upite, inawanasa wengi. etcd ya nodi 3, mbili Dar es Salaam na moja Dodoma, inaonekana salama. Dar ikizimika, Dodoma inabaki na 1 kati ya 3, haina akidi, na Patroni inakataa kuteua kiongozi. Data ipo, lakini hakuna anayeweza kuandika. Dawa ni nodi ndogo katika mji wa tatu, au klasta (kundi la seva) kamili ya akiba Dodoma yenye etcd yake, inayofuata ya Dar kupitia sehemu ya mipangilio ya Patroni iitwayo standby_cluster na kupandishwa na mtu kwa kuiondoa sehemu hiyo kwenye patronictl edit-config. Kwa kampuni nyingi napendelea hii ya pili. Kuhamisha biashara nzima kwenda mji mwingine ni uamuzi wa mtu mwenye dhamana, si wa programu iliyokosa mawasiliano kwa sekunde 30.

Muda wa kurejesha upigiwe hesabu. TB 2 kupitia kiungo cha Mbps 200 ni MB 25 kwa sekunde, yaani takriban saa 22 bila kukwama. Mkurugenzi akiwa ameahidiwa saa 4, ahadi hiyo haina msingi. Na bakapu ikiwa ng'ambo pekee, kumbuka 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania na Kenya. Weka nakala moja nchini, nje ya jengo. Moto wa kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, 10 Machi 2021, uliwaachia hasara waliokuwa na bakapu palepale penye seva.

Tukio la GitLab (huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu) la 31 Januari 2017 lisomwe na kila msimamizi. Data ya seva kuu ilifutwa kwa makosa. Bakapu za pg_dump (zana ya kutoa nakala ya PostgreSQL) hazikuwepo, kwa kuwa pg_dump iliyokuwa ikitumika ni ya toleo 9.2 na hifadhidata ni 9.6. Barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu hiyo zilikataliwa na seva ya barua. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kwa kazi nyingine saa 6 kabla. Ndiyo maana naamini bakapu iliyorejeshwa kwenye mashine tupu mwezi huu, na hesabu ya safu zake ikalinganishwa. Ujumbe wa "imefanikiwa" haunitoshi.

Wakati wa kuhamia Dodoma, TTL ya DNS (muda ambao anwani hukumbukwa) iwe imeshashushwa hadi sekunde 60 siku nyingi kabla, na programu za Java zizimwe na kuwashwa upya kwa kuwa hushikilia miunganisho ya zamani. IP za Dodoma ziwe zimesajiliwa mapema kwa kampuni ya simu na benki, maana usajili huo hauishi kwa simu moja. Kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) huko zizimwe mpaka uhamisho utangazwe, zisije zikatuma SMS sambamba na za Dar.

Hatari ya mwisho ni umeme wa Dar kurudi. Klasta ya huko, kama ina etcd yake kamili, itaamka ikijiona bado ni kuu na kuanza kupokea miamala. Funga njia yake kwenye fayawoli kabla hujapandisha Dodoma, na kama Dar haifikiki, mtu wa eneo achomoe kebo. Kisha iunganishe kama pacha wa Dodoma kwa pg_rewind (zana inayoilinganisha seva ya zamani na kuu mpya bila kunakili yote), ambayo inahitaji wal_log_hints = on, au data checksums, viwe vimewashwa tangu kabla ya ajali. Vikiwa havikuwashwa, nakala yote inanakiliwa upya kupitia kiungo kilekile, saa 22 nyingine.