Bakuli linalomaliziwa mezani

Kila nikikifikiria chakula cha Vietnam narudi palepale: mpishi wa kule hakimalizi chakula. Anakuletea bakuli lenye moto na chumvi ya kutosha, kisha pembeni anakuwekea sahani ya majani mabichi, vipande vya ndimu, pilipili iliyokatwa na kibakuli cha mchuzi wa kuchovea. Kuanzia hapo kazi ni yako. Ukila bila kugusa hiyo sahani ya pembeni utashiba, ila ladha yenyewe utakuwa umeiacha mezani.

Mama wa michuzi yote ni nước mắm, maji ya dagaa. Dagaa wa baharini hupangwa kwenye mapipa makubwa ya mbao pamoja na chumvi, aghalabu vipimo vitatu vya dagaa kwa kimoja cha chumvi, wakaachwa humo karibu mwaka mzima. Kinachochuruzika chini ya pipa kina rangi kama ya chai ya rangi iliyokolea. Ukikinusa chupani utarudisha kichwa nyuma, lakini kikishaingia kwenye chakula ile harufu inageuka kuwa utamu mzito wa nyama. Walio maarufu kwa kazi hii ni watu wa kisiwa cha Phú Quốc na wa mji wa Phan Thiết. Jina la Phú Quốc lilipewa ulinzi wa asili ya bidhaa na Umoja wa Ulaya mwaka 2012. Ukinunua, soma kibandiko. Orodha nzuri ina dagaa na chumvi, basi, pengine na sukari kidogo. Tafuta pia namba iliyoandikwa pamoja na herufi N, ambayo ni gramu za naitrojeni katika kila lita, yaani kipimo cha protini. Kuanzia 30 kwenda juu inafaa kuchovea. Zile za bei ya chini sana huwa zimeongezwa maji, rangi na vikoleza, na mchuzi wake hauna mwili hata uupike vipi.

Kutoka kwenye chupa hiyo hutengenezwa nước chấm, mchuzi wa kuchovea. Kipimo cha kuanzia: vijiko viwili vya sukari, vinane mpaka kumi vya maji ya uvuguvugu, viwili vya ndimu, viwili vya nước mắm, punje mbili za kitunguu saumu na pilipili moja. Mpangilio una maana. Sukari iyeyuke kwanza kwenye maji, yakipoa ndipo itie ndimu, halafu nước mắm. Kitunguu saumu na pilipili vilivyokatwakatwa vidogo viingie mwisho kabisa. Ndimu usiikamue mpaka ganda lilie, maana uchungu wa ganda hauondoki hata kwa sukari. Mchuzi ukiwa sawa, ulimi hauwezi kusema kilichotangulia ni chumvi, ukali wa ndimu au utamu.

Sasa phở, supu ya ng'ombe yenye tambi bapa za mchele. Ilizaliwa Kaskazini, pande za Hanoi na Nam Định, mwanzoni mwa karne ya 20, na baada ya nchi kugawanywa mwaka 1954 mamia kwa maelfu ya watu wa Kaskazini waliohamia Kusini walikwenda nayo. Ndiyo maana leo zipo mbili. Ya Hanoi ni ya kimya: supu safi, vitunguu vya majani, siki yenye kitunguu saumu, na quẩy, vijiti vya unga vilivyokaangwa, vya kuchovya. Ya Saigon, kule Kusini, ni tamu kidogo na huja na lundo la mrehani, choroko zilizochipua, ndimu na sosi nzito nyeusi ya soya. Mimi naegemea ya Hanoi. Lakini hata ukiwa Saigon, onja supu kwanza kabla hujamimina chochote. Ile sosi nyeusi iweke kwenye kisahani uchovye nyama; ukiimwaga bakulini umefunika kazi ya saa nane.

Saa nane hizo zinakwenda hivi. Kwa lita nne za supu, kilo mbili na nusu za mifupa ya mguu na magoti yenye uboho, na nusu kilo ya nyama ya kidari. Mifupa ichemke kwa nguvu dakika kumi, maji hayo umwage yote, na kila mfupa uuoshe chini ya bomba mpaka mabonge ya damu yatoke. Hatua hii ndiyo watu huiruka, kisha wanashangaa supu yao ina rangi ya maji ya kufulia. Rudisha mifupa, pamoja na kidari, kwenye lita tano za maji mapya. Vitunguu viwili na kipande cha tangawizi cha gramu mia vichome juu ya mkaa au moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi na ndani vilainike, kisha ukwangue yale masizi na uvitie sufuriani. Tangawizi isiyochomwa huipa supu ukali mbichi.

Baada ya hapo moto uwe mdogo kiasi cha kuona povu moja moja likipanda pembeni mwa sufuria. Usifunike. Supu ikitokota kwa fujo, mafuta hupasuka vipande vidogo sana na kuchanganyika na maji, na hakuna chujio litakaloyatenganisha tena. Kidari kitoe baada ya saa moja na nusu hivi, kikishalainika, ukitie kwenye maji baridi kisikauke na kuwa cheusi. Viungo ni anisi nyota tano, mdalasini wa urefu wa kidole, karafuu nne, iliki nyeusi moja na kijiko cha mbegu za giligilani. Vikaange bila mafuta mpaka vinukie, funga kwenye kitambaa, tia saa moja ya mwisho. Vikikaa tangu mwanzo supu inakuwa na harufu ya dawa ya kifua. Nasisitiza hilo kwetu tuliozoea pilau: mkono wetu wa viungo ni mzito, na humu karafuu moja ya ziada inasikika. Nước mắm, vijiko vinne, na kijiko kimoja na nusu cha sukari vitiwe mwishoni, na supu iwe imezidi chumvi kidogo tu, kwa sababu tambi zitaipunguza.

Tambi kavu ziloweke nusu saa kwenye maji ya kawaida, halafu zichovye kwenye maji yanayochemka sekunde kumi na tano. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi hupangwa juu yake, na supu inayomiminwa lazima iwe inachemka wakati huohuo, kwani ndiyo inayoipika nyama bakulini. Supu ya vuguvugu itakuachia nyama ya kijivu, yenye damu katikati.

Mchana Hanoi ni wakati wa bún chả, nyama ya kuchoma inayoliwa na tambi za mchele. Nusu kilo ya nyama ya bega ya nguruwe iliyosagwa, yenye mafuta karibu theluthi, hukandwa na vijiko viwili vya nước mắm, kimoja na nusu cha sukari, vitunguu vidogo vyekundu na pilipili manga, ikakaa saa moja, kisha ikafinyangwa kuwa vidonge bapa na kuchomwa juu ya mkaa ndani ya wavu wa kubana. Sukari huungua haraka, hivyo mkaa uwe umeshavaa majivu, bila mwali. Siri iko baada ya kuchoma: vidonge vinaangushwa vikiwa vya moto ndani ya bakuli la nước chấm iliyozimuliwa zaidi, ya uvuguvugu, yenye vipande vyembamba vya papai bichi na karoti. Mafuta na moshi vinatoka kwenye nyama vinaingia kwenye mchuzi. Unachovya tambi na majani humohumo, konzi kwa konzi. Nyama isiyo na mafuta inakuwa ngumu na mchuzi unabaki maji matupu. Asiyekula nguruwe atumie ng'ombe mwenye mafuta, naye hutoka vizuri.

Na kwa kuwa nimegusa nguruwe, niseme wazi, maana wasomaji wengi wa Kiswahili litawahusu. Nguruwe na mafuta yake yamo kila pembe ya chakula hiki, hata kwenye sufuria inayoitwa ya kuku. Saigon sema "không thịt heo", Hanoi "không thịt lợn", yaani bila nyama ya nguruwe. Neno "chay" kibandani lina maana ya chakula cha Kibudha kisicho na nyama wala nước mắm, na siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi mwandamo vibanda vya chay huongezeka. Saigon yenyewe ina msikiti wa mtaa wa Đông Du, uliojengwa mwaka 1935, na jirani zake zipo hoteli za chakula cha halali.

Bánh xèo, chapati nyembamba ya unga wa mchele, ndiyo inayonigusa karibu zaidi, kwa kuwa ni mchele na tui. Jina lake ni sauti: xèo, ule mlio wa uji ukigusa chuma cha moto. Gramu 200 za unga wa mchele, kijiko cha chai cha bizari ya manjano, mililita 200 za tui, 300 za maji, chumvi, vitunguu vya majani. Uache nusu saa. Hauna hamira wala sukari, kwa hiyo usiusubiri uumuke kama wa vitumbua. Koroga kila unapoteka, maana unga wa mchele hutuama chini upesi. Kikaango kiwe kimeshika moto kweli, kamba waanze kukaangika, kisha mimina na uzungushe mpaka uwe mwembamba kiasi cha kuona chuma kingoni. Tupia choroko zilizochipua, funika dakika moja na nusu, funua, na uvumilie dakika tatu au nne bila kuugusa. Ukiona kingo zinajiinua zenyewe na kubadilika kahawia, kunja. Bánh xèo huligeuzi. Likilegea, sababu ni moja kati ya tatu: uji mzito, chuma hakijashika moto, au uliondoa mapema. Linakatwa, linafungwa ndani ya jani la saladi pamoja na mnanaa, linachovywa.

Cơm tấm ya Saigon ni wali wa chenga, zile chenga ambazo zamani zilikuwa chakula cha wasio na uwezo. Zioshe kwa mkono mwepesi na uzipike kwa mvuke; ukizitia maji ya wali wa kawaida utapata bokoboko. Bánh mì ni mkate walioacha Wafaransa, ukajazwa pate, yaani maini yaliyosagwa laini, achari ya karoti na figili nyeupe, tango, giligilani na pilipili. Nunua pale unapoona mikate inapashwa juu ya mkaa, kwani ganda lililolala linavutika kama mpira.

Kahawa ya mayai ya Hanoi ilianzia mwaka 1946, maziwa yalipoadimika, na aliyeibuni ni Nguyễn Văn Giảng. Viini viwili hupigwa na vijiko viwili vya maziwa mazito ya kopo mpaka vipauke na kudondoka kama utepe. Ukiacha mapema, harufu ya yai inabaki. Chini yake huwa kahawa ya robusta iliyochujwa kwa phin, kichujio kidogo cha bati: gramu 20, maji kidogo kwanza, nusu dakika unga ulowe, kisha yaliyobaki. Ichuruzike kwa dakika nne au tano. Ikipita mbio, kahawa imesagwa chenga mno, ikigoma, umeishindilia. Kikombe huwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto ili povu la juu lisipoe kabla hujafika chini.