Nusu yenu, nusu yetu

Jana jioni nilikuwa napunga upepo hapa Mwanza, pale ziwani karibu na Jiwe la Bismarck, nikawaza huku kwetu mlimani Mabatini mtoto anacheza wapi jamani, nyumba zimepandana juu ya mawe mpaka mpira ukidondoka unaufuata kwa jirani wa chini kabisa hahaha.

Sasa Marekani wana mfuko tangu 1965, halmashauri ikitengeneza bustani ya wananchi mfuko unarudisha mpaka nusu ya gharama, na hela yenyewe inatoka kwenye mafuta na gesi ya baharini. Mi nimeipenda hiyo. Nusu yetu tungeweka ata mawe (tunayo mpaka ya kugawa), kokoto, miche, nguvu kazi.. mtaani tulishachanga tukasafisha eneo, barua ikapelekwa ofisi fulani, mpaka leo kimya.

Na ufukweni je? Sheria yetu ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, si ndo bustani yenyewe hiyo, mbona sehemu nyingine tunaona kuta za watu tu?