Siku moja maishani mwangu: kumtengenezea Zuhura jiko

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeketi mezani hapa Buruburu, kabla matatu hazijaanza kupiga honi. Katika riwaya ninayoiandika, Zuhura, muuza chapati, amekuta bati la jiko lake limeliwa na kutu ilhali kauri ya ndani ni nzima. Umeme umepotea mtaani, naye ana nyundo, mkasi wa bati, misumari na madebe mawili matupu ya mafuta. Hadi saa moja sijapata jibu la swali moja tu: jiko la kauri lina kiuno, limepanuka juu na chini, kwa hiyo bati lake halikatwi mstatili. Zuhura atajuaje umbo la kukata?

Saa tatu napanda matatu ya Barabara ya Jogoo kwenda Kamukunji, ambako sauti za nyundo humfikia mtu kabla hajaona masanduku ya wanafunzi yaliyopangwa kando ya njia. Namweleza fundi mmoja shida ya Zuhura kana kwamba ni jirani yangu.

"Kwani la zamani amelitupa, dada?" ananiuliza. "Alifungue, alilaze chini. Hicho ndicho kipimo chake."

Kisha ananionyesha. Analitenganisha jiko bovu kiunoni kuwa nusu mbili, kisha kwa kila nusu analegeza mshono kwa patasi, analinyoosha bati mpaka linakuwa kipande cha pete pana, analilaza juu ya bati jipya na kulizungushia msumari kuchora, akiacha upana wa kidole kila mwisho kwa ajili ya mshono. Kingo hizo anazikunja bati likiwa bado bapa, mmoja juu na mwingine chini, kwa sababu likishaviringwa, ukingo hauna tena pa kuegemea nyundo. Ndipo analiviringa, anapachika kingo zishikane na kuzigonga juu ya kipande cha reli ambacho ndicho fuawe lake. Kulehemu hakuhitajiki, tena, bati jembamba namna hii hutobolewa upesi na moto wa kulehemu. Kiuno, ambacho ndicho hubeba uzito wa kauri, anakiunga kwa misumari iliyokatwa na kupondwa kichwa kama ribiti.

Chakula cha mchana ni githeri, haraka.

Kuanzia saa tisa naandika upya sura nzima. Sasa Zuhura hanung'uniki, maana mikono yake ina kazi: anakaribia kulitupa bati bovu, anasita, analifungua. Nafuta maneno yote niliyoyatumia kumsifu kuwa mwerevu, kwa kuwa msomaji amemwona akikunja kingo kabla ya kuviringa, na hilo linatosha.

Saa moja usiku shida nyingine inajitokeza. Kauri hushikizwa kwa saruji, nayo sharti ikauke kabla ya jiko kuwashwa, ilhali nilikuwa nimepanga auze chapati kesho yake asubuhi. Sura inayofuata itabidi ianze akibisha kwa jirani waliyekosana naye, kuazima jiko.