Siku moja maishani mwangu: kufundisha "when", "because" na "before" jijini Dar

Saa 11 alfajiri. Chai iko jikoni, mimi niko mezani na madaftari ya vijana wangu wa Kidato cha Nne. Wameandika insha ya safari. Karibu kila daftari lina sentensi ya ukoo mmoja: "Although it was raining, but we went to Bagamoyo." Nazungushia "but" kwa kalamu nyekundu, nafungua daftari la pili, nazungushia tena.

Siwalaumu. Kwa Kiswahili "ingawa mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulikwenda" haimshtui mtu, hata redioni utaisikia. Kiingereza ndicho hakitaki. Ukishatanguliza "although" umeshatangaza kwamba kishazi hiki, yaani fungu hili la maneno lenye kitenzi chake, ni tegemezi, hakisimami peke yake, na kwamba kishazi huru, kinachoweza kusimama peke yake, kinafuata. "But" ikija katikati unaunganisha kilichokwisha kuunganishwa. Chagua moja: "Although it was raining, we went", au "It was raining, but we went".

Saa 12 na nusu, foleni ya mabasi ya mwendokasi Kimara. Ndani hakuna pa kushika. Nyuma yangu kina mama wawili wanamjadili jamaa mmoja: "Eti kasema atalipa mwisho wa mwezi." Hiyo "eti" ningependa Waingereza wangekuwa nayo. "He said that he would pay" inapeleka habari bila kusema kama msemaji anaiamini. Ukitaka kuonyesha shaka unabadilisha kitenzi, unaandika "he claims". Na hiyo "that" yenyewe wanaiacha mara nyingi katika mazungumzo, "he said he would pay", jambo linalowasumbua sana wanafunzi wanaotafuta "kwamba" yao kila mahali.

Saa 2 asubuhi, Magomeni. Steshenari ndiyo inayoniweka mjini: kopi, kuskani vyeti, kuchapa barua. Asubuhi ni zamu ya barua za kuomba kazi. Anaingia kijana na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dada, naomba unichapie hii, kama ilivyo."

Kama ilivyo siwezi. Imeandikwa: "I am applying because of I have experience. Despite I did not finish Form Four, I am a good driver." Namwonyesha kwa kidole maneno yanayofuata baada ya kiunganishi. Kama kuna mtenda na kitenzi chake, "I have", "I did not finish", hapo ni kishazi, na kishazi kinataka "because" au "although". Kama ni jina tu, "my experience", "the rain", ndipo zinapoingia "because of" na "despite". Basi. Hakuna siri nyingine hapo, na sielewi kwa nini vitabu vinaitumia kurasa nzima.

Lakini kwenye barua hii kuna jambo kubwa kuliko sarufi. Rasimu ya kwanza, ambayo bado imeandikwa nyuma ya karatasi, inasema: "Although I am a good driver, I did not finish Form Four." Sarufi yake haina kasoro, ila inamchongea. Kishazi tegemezi ndiko mahali pa kuweka lile unalotaka msomaji alipite haraka, na kishazi huru ndiko linakobaki la kukumbukwa. Nikamchapia: "Although I did not finish Form Four, I have driven lorries since 2015." Anaisoma kwenye skrini, midomo ikicheza. "Sasa hapa hata mimi ningejiajiri," anasema.

Saa 4, supu na chapati. Wateja wamepungua kwa sababu umeme umekatika, na mwanafunzi mmoja ananitumia ujumbe wa kuchelewa kuleta kazi: "Because the power was cut." Kwa mdomo, ukiulizwa "why?", jibu hilo linatosha kabisa. Kwenye insha ni kipande cha sentensi, mtahini ataweka alama yake pembeni. Namjibu kwa Kiswahili, alete jioni.

Saa 7 mchana, Posta. Nina darasa la wafanyakazi wa hoteli ndogo: wahudumu wa mapokezi, mpishi mmoja na dereva wa kuchukua wageni uwanja wa ndege. Tunakaa kwenye meza za chakula baada ya wageni kuondoka. Hapa ndipo siku yangu inaponoga, kwa sababu hawa hawasomi kwa ajili ya mtihani. Wakikosea, mgeni anakosa gari.

Dereva anaanza: "When I will arrive at the airport, I will call you." Namwuliza kwa nini ameweka "will" ya kwanza. Ananitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Madam, si bado sijafika? Nitakapofika."

Amesema kweli. Ndani ya "nitakapofika" wakati ujao umo, ndiyo hiyo -taka-, na kiunganishi nacho kimo, ndiyo hiyo -po-. Sisi tunavitia vyote ndani ya kitenzi. Kiingereza kiunganishi chake kinasimama mlangoni kama konda wa daladala, kila abiria anakiona, na kwa kuwa kishazi huru kimeshasema "I will call you", upande wa pili hauhitaji kurudia kwamba jambo ni la baadaye. "When I arrive, I will call you." Hali ni hiyo hiyo kwa "until", "before", "after", "as soon as" na "if" ya masharti. "Wait until he comes", si "until he will come".

Dada wa mapokezi hakubali. Anasema jana meneja wake kaandika, "I don't know when the guest will arrive", na meneja kasoma nje. Meneja yuko sahihi, nami nafurahi ameuliza, maana Kiswahili kinatupa kipimo ambacho Waingereza wenyewe hawana. Sema sentensi yako kwa Kiswahili. Ukipata "atakapofika", "will" iondoke. Ukipata "atafika lini", "will" ibaki, kwa sababu hapo "when" imebeba swali, na kishazi chote ndicho kile asichokijua meneja. "If" nayo vivyo hivyo: "akija" ni "if he comes", lakini "sijui kama atakuja" ni "I don't know if he will come", na hapo unaweza hata kuweka "whether". Tukakaa na hili mpaka muda ukaisha. Mpishi alikuwa akitunga sentensi kwa Kiswahili, wenzake wanapaza sauti, "Toa!" au "Acha!"

Kabla sijafunga daftari, dada yule yule ananiletea nyingine. "Mbona tunafundishwa kumwambia mgeni, 'If you will follow me, sir'?" Hiyo "will" haizungumzii kesho. Ni ya ridhaa, kama kusema "ukiwa radhi kunifuata". Ni heshima ya mapokezi, watumie bila wasiwasi.

Saa 10 jioni, tuisheni Manzese. Darasa ni chumba cha nyuma ya duka, feni moja, ubao umeparara. Hawa wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, wakaingia sekondari na kukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, ni kwa Kiingereza. Wakifika kwangu wameshakariri orodha ndefu ya viunganishi, na orodha ndiyo inayowaponza. Mtu anazijua "whereas" na "provided that" lakini anaandika, "I washed my hands before I have not eaten."

Nikaiandika ubaoni bila kutaja mwenyewe. Mwenyewe akanyoosha mkono, tena kwa kujiamini.

"Madam, kabla sijala. Wakati nanawa, nilikuwa nimekula?"

"Hujala."

"Sasa kosa liko wapi?"

Darasa likacheka, lakini hoja yake ina mashiko. Kiswahili kinatazama mambo kutoka pale unaponawa: kula bado, kwa hiyo ukanushi, "kabla sijala". Kiingereza kinapanga tu matukio mawili, hili mbele, lile nyuma, nayo "before" inatosha kusema kwamba la pili lilikuwa bado. "I washed my hands before I ate." Ukitia "not" umesema mara mbili. Nikawahamishia kwenye "unless" papo hapo, maana ugonjwa ni ule ule: "Unless you don't hurry, you will miss the bus." Ukanushi tayari umo ndani ya "unless". "Unless you hurry" ndiyo "usipoharakisha". Yule kijana akaandika zote mbili daftarini, akapigia mstari, akasema Kiingereza ni kivivu. Sikumpinga. Mtihani wao ni Novemba, sina muda wa kukitetea.

Saa 1 usiku, mwendokasi tena, safari hii nimepata kiti. Nalala mpaka Kimara.

Saa 3 usiku nimeshakula, simu inalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa kaka wa mapokezi wa zamu ya usiku, hotelini kule kule.

"Madam, shikamoo. Meneja kaacha karatasi: 'Leave the key at the desk in case the guest comes back early.' Nimeelewa kwamba mgeni akirudi mapema ndiyo niuache ufunguo. Niko sahihi?"

Najua alikoitoa. Kwenye lifti wameandika "In case of fire, use the stairs", yaani moto ukitokea ndipo utumie ngazi. Lakini ile ni "in case of", inafuatwa na jina. Ikifuatwa na kishazi, kwa kawaida ni tahadhari: unafanya jambo sasa, ajue Mungu kama lile lingine litatokea. "Take an umbrella in case it rains" ni chukua mwavuli, isije mvua ikanyesha. Huendi kuuchukua wakati umeshalowa. Kwa hiyo ufunguo ulitakiwa uwe mezani tangu meneja alipoondoka, mgeni arudi asirudi. Nikamrekodia yote hayo, polepole.

Jibu likaja fupi. "Asante Madam. Basi ndiyo maana huyu mzee amekaa hapa kwenye kochi ananitazama. Ngoja niutoe mfukoni nimpe."