Mtindi wa Bibi

Nyumbani kwetu Gongo la Mboto maziwa ya chai yalichemshwa mpaka yakafura na kuzima moto wa mkaa. Ya mtindi hayakuonja moto hata kidogo. Bibi alishikilia kwamba maziwa yaliyochemshwa hayapandishi siagi. Kijana wa baiskeli akishapita na madumu yake kutoka Pugu, lita moja sufuriani, nyingine kibuyuni.

Mwaka 2011, nikiwa kidato cha tatu, nikaanza kuumwa ugonjwa wa ajabu. Asubuhi mzima, jioni homa. Usiku shuka linalowa kama limetoka kufuliwa, na kiuno kinaniuma kama cha mzee. Zahanati ya mtaani wakasema malaria, nikameza dawa mseto. Homa ikatulia siku chache, ikarudi. Wakasema taifodi, nikachomwa sindano. Ikarudi tena. Jirani mmoja akamwambia mama nina jini. Mama mwenyewe alishuku natafuta sababu ya kukwepa mitihani, jambo ambalo, kusema kweli, lilikuwa karibu na tabia yangu.

Mwezi wa pili tukaenda hospitali kubwa, tukampata daktari, mama wa makamo. Hakuuliza habari za mbu.

"Mwanangu, maziwa mnakunywa?"

"Tunachemsha, daktari," mama akanirukia jibu, tena kwa fahari.

"Na mtindi?"

Mama akaniangalia mimi, kana kwamba jibu ninalo.

Damu ikaonyesha brusela. Daktari akatueleza kuwa mdudu huyo hukaa kwenye maziwa ya ng'ombe mgonjwa, na uchachu peke yake si wa kumwamini kwamba utamuua. Anayemuua ni moto. Kiwandani hupasha maziwa nyuzijoto 72 kwa sekunde 15, kisha huyapoza haraka. Nyumbani, alisema, yachemke tu. Vidonge nilimeza wiki sita, kimojawapo rifampisini, kilichogeuza mkojo wangu rangi ya chungwa nikadhani sasa ndiyo nakufa.

Bibi alisikiliza habari yote bila kusema neno. Kesho yake akachemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka vuguvugu, akatia kijiko cha mtindi wa paketi wa dukani, akafunika. Baada ya siku yaliganda, mazito kuliko ya zamani. Akaonja, akaweka kikombe chini.

"Haya yamekufa," akasema.